Uzi Mwingine, Kipimo Kile Kile

1. Karatasi ya mfano

Katika milima ya Lubero, kaskazini mwa Kivu, baridi ya usiku ni kali. Mstari wa ikweta unapita karibu, lakini nchi iko juu; mahali pengi hupita metri 2000. Jioni ukungu hushuka juu ya mashamba ya viazi na ya vitunguu, na asubuhi majani yote yamelowa. Huko triko si pambo. Triko, ambayo watu wengine huiita sweta, ni nguo ya kulinda mwili.

Agata alikuwa msichana wa darasa la sita. Baba yake alikuwa zamu, maana yake mlinzi wa usiku, mbele ya duka moja sokoni. Alikaa nje tangu jua kushuka hata kupambazuka, karibu na mbabula ya makaa. Triko yake ya zamani ilikuwa imetoboka viwiko vyote viwili. Majira ya mvua yalipoanza, akaanza kukohoa.

Mama akauza gunia la viazi. Kisha akamwita Agata, akamwambia:

– Wewe umejifunza kufuma kwa Masista. Mfumie baba yako triko. Feza za uzi ni hizi. Hakuna nyingine mpaka mavuno.

– Ndiyo, Mama, akajibu Agata. Nitaanza kesho.

Agata alikuwa na karatasi ya mfano aliyopewa katika chumba cha ufundi. Karatasi ilisema hivi:

Triko ya mwanamume, mzunguko wa kifua santimetri 100.
Uzi wa sufu: madonge 12 ya gramu 50. Kila donge lina metri 120.
Sindano za kufumia: unene milimetri 4.
Kipimo: vitanzi 22 na mistari 30 katika santimetri 10.
Mgongo: anza na vitanzi 110. Upande wa mbele: vitanzi 110.

Agata alishika neno moja tu: madonge 12. Maneno mengine aliyapita, kama msafiri apitaye kibao cha njia bila kukisoma.

2. Uzi ni uzi?

Siku ya soko alikwenda asubuhi. Mama mmoja aliyeuza nyuzi hakuwa na sufu hata donge moja. Alikuwa na uzi wa pamba wa buluu, madonge ya gramu 50, na madonge makubwa ya uzi wa akriliki.

– Mama, naomba madonge 12 haya ya buluu, akasema Agata.

– Binti, huu ni uzi wa pamba. Karatasi yako inataka uzi gani?

– Inataka madonge 12 ya gramu 50. Uzi ni uzi, Mama.

Mwanamke yule akahesabu madonge 12, Agata akalipa. Feza zote za gunia zikaisha.

Jioni ile ile alianza kufuma. Alitia vitanzi 110 sindanoni, akafuma kwa bidii kila siku baada ya masomo. Alimaliza mgongo, akamaliza upande wa mbele, akavishona pamoja mabegani na ubavuni. Akaanza mkono wa kwanza. Lakini kabla mkono ule haujafika kwapani, uzi ukakwisha. Madonge yote 12 yalikuwa yamefumwa, na triko haina mikono.

Agata alifikiri: “Labda nilifuma vibaya kidogo. Nitaifua, itakaa vizuri.” Akaifua, akaianika juu ya kamba. Pamba ikanywa maji mengi, ikawa nzito, ikavutika kwenda chini. Ilipokauka, haikurudi. Baba alipoijaribu, ilimfika mapajani, na kifuani palibaki nafasi ya kuingiza mtoto mdogo.

Baba hakumkaripia. Alicheka kidogo, kisha kikohozi kikamkamata, akaenda kazini na triko yake ya zamani. Mama hakusema neno. Agata aliona vizuri kwamba Mama anatazama pembe ya nyumba, mahali ambapo lile gunia la viazi lilikuwa limesimama.

Kesho yake alirudi sokoni na feza chache alizoazima kwa shangazi yake, ili anunue madonge mengine ya buluu. Mama wa nyuzi akamwonyesha. Agata akaweka donge jipya karibu na triko, akaona rangi hazilingani. Jina la rangi lilikuwa lile lile, lakini namba ya chungu cha rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya donge ilikuwa nyingine. Kiwanda hutia uzi rangi chungu kwa chungu. Chungu cha leo na chungu cha kesho havifanani kabisa, na katika nguo tofauti ile huonekana kama mstari. Kwa hiyo mfumaji hununua uzi wote kwa siku moja, wenye namba moja.

Agata hakununua kitu. Alirudisha feza za shangazi, akachukua triko yake, akaenda kwa Sista wa ufundi.

3. Maulizo matatu ya Sista

Sista alikuwa mzee, na macho yake yalihitaji miwani, lakini vidole vyake vilijua kila uzi. Aliivuta triko, akaiachilia, akaitazama. Kisha akasema:

– Mwanangu, hukufanya kosa kwa kubadili uzi. Kubadili uzi si vibaya. Uzi ulioandikwa katika karatasi mara nyingi haupatikani: labda kiwanda kimeacha kuufanya, labda bei yake ni kubwa, labda haufiki katika soko letu. Wafumaji wote hubadili. Ila anayebadili uzi hujiuliza kwanza maulizo matatu. La kwanza: nguo hii itafanya kazi gani? La pili: uzi huu unatoa vitanzi vingapi katika santimetri 10? La tatu: ninahitaji metri ngapi? Wewe ulijiuliza nini?

– Nilihesabu madonge, Sista.

– Ndiyo. Ulihesabu kitu ambacho kinadanganya.

4. Kila uzi una tabia yake

Sista akaweka juu ya meza nyuzi tatu, akamwambia Agata azishike moja moja.

Uzi wa kwanza ulikuwa sufu, nywele za kondoo. Unywele wa sufu umejipindapinda, kwa hiyo ukivutwa hurefuka, na ukiachiliwa hurudi. Kati ya nywele hizo hewa hukaa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke. Tena sufu hunywa mvuke wa maji: gramu 100 za sufu zaweza kunywa karibu gramu 30 za mvuke, na mtu asisikie kwamba nguo imelowa. Lakini sufu ina adui wake. Kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiifua sufu kwa maji ya moto na kuisugua, magamba hushikana, na nguo huwa ndogo na ngumu kama kofia nzito. Haitafunguka tena.

Uzi wa pili ulikuwa pamba, inayotoka kwenye mmea. Pamba ni laini, haiwashi ngozi, na huvumilia kufuliwa kwa maji ya moto. Ni nguo nzuri ya mahali penye joto na ya mtoto mchanga. Lakini pamba haina mpira ndani yake: ikivutika, hairudi kama sufu. Ni nzito pia. Ikilowa kwa ukungu, hukawia kukauka na hupoza mwili.

Uzi wa tatu ulikuwa akriliki. Huo hautoki kwa mnyama wala kwa mmea. Hufanywa viwandani kwa vitu vinavyotolewa katika mafuta ya ardhini. Huko Marekani kampuni DuPont ilianza kuufanya kwa wingi mwaka 1950, ikauita Orlon. Akriliki ni mwepesi, bei yake ni ndogo, unafulika kwa urahisi na hautoi moto wa mwili upesi. Lakini ukikaribia moto huyeyuka, hushika moto, na matone yake hushikamana na ngozi.

– Sasa, akauliza Sista, baba yako hukaa wapi usiku?

– Nje, katika ukungu, mbele ya mbabula ya makaa.

– Basi nenda polepole. Pamba inafaa?

– Haifai, Sista. Ukungu utailowesha.

– Na akriliki?

Agata alifikiri cheche za makaa zinavyoruka wakati upepo unapovuma. Akasema:

– Haifai pia. Cheche itamchoma Baba.

– Vema. Sufu haishiki moto upesi; ikipata cheche huungua kidogo na mara nyingi huzimika yenyewe. Kwa mwalimu anayefundisha ndani ya nyumba, akriliki ingetosha. Kwa zamu anayekaa karibu na moto, haitoshi. Unaona? Uzi mzuri ni ule unaofaa kazi ya nguo. Kwanza mtazame atakayevaa, kisha tazama uzi.

5. Gramu na metri

Sista akachukua ile karatasi ndogo iliyozungushwa donge la pamba.

– Soma, akasema.

Agata akasoma: “Gramu 50. Metri 90.”

– Na karatasi ya mfano inasema donge la sufu lina metri ngapi?

– Metri 120.

– Piga hesabu.

Agata akachukua chaki, akaandika ubaoni:

Mfano: madonge 12 × metri 120 = metri 1440.
Pamba: madonge 12 × metri 90 = metri 1080.
1440 – 1080 = 360.

Zilikosekana metri 360. Huo ndio mkono uliokosekana. Pamba ni nzito kuliko sufu. Kwa hiyo uzi wa pamba wa unene ule ule, katika gramu 50, ni mfupi. Mizani ya sokoni husema ukweli juu ya uzito, lakini nguo haifumwi kwa gramu. Hufumwa kwa metri.

– Ungehitaji madonge mangapi ya pamba? akauliza Sista.

Agata akaandika: 1440 : 90 = 16.

– Na lile donge kubwa la akriliki lina gramu 100 na metri 290. Ungehitaji mangapi?

Agata akaona kwamba madonge 4 yana metri 1160, hazitoshi. Na madonge 5 yana metri 1450, zinatosha kwa shida.

– Mwenye akili angenunua 6, akasema Sista. Donge moja la ziada ni la kutengeneza viwiko siku zijazo. Basi tazama: ni triko moja, lakini uzi wa kwanza unataka madonge 12, wa pili 16, wa tatu 5 au 6. Hesabu ya madonge bila hesabu ya metri haina maana.

Kisha Sista akapima triko ya Agata kwa rula. Katika santimetri 10 akakuta vitanzi 20, si 22.

– Vitanzi viwili tu, Sista, akasema Agata. Ni kitu kidogo.

– Kidogo? Piga hesabu tena. Una vitanzi 110.

Agata akaandika:

Kwa kipimo cha 22: 110 : 22 = 5, mara 10 = santimetri 50. Pande mbili: santimetri 100.
Kwa kipimo cha 20: 110 : 20 = 5 na nusu, mara 10 = santimetri 55. Pande mbili: santimetri 110.

Vitanzi viwili vilimpa baba yake santimetri 10 za bure kifuani. Kosa dogo katika kipande kidogo likawa kosa kubwa katika nguo nzima. Tena kitanzi kikubwa hula uzi mwingi. Ndiyo sababu uzi ulikwisha mapema hivi.

6. Kufumua

Agata alidhani Sista atampa uzi mwingine. Lakini Sista alimpa kiti, akamwambia:

– Fumua yote.

Ilikuwa vigumu. Kazi ya majuma mengi ilifunguka kwa saa moja, mstari baada ya mstari. Lakini uzi haukupotea. Agata aliuzungusha juu ya kiegemeo cha kiti, akaufunga mahali panne usikorogeke, akauosha, akautundika ukauke. Mikunjo yake ikanyoka.

– Pamba hii si ya kutupa, akasema Sista. Haimfai zamu, lakini inamfaa mtoto mchanga. Fuma kofia ndogo na vikoti vidogo. Mama zao watanunua.

Agata akafuma kofia 9 na vikoti 3. Safari hii alipima kwanza. Akaviuza siku za soko, na feza akampelekea Mama. Mama akazihesabu, akamrudishia.

– Ulianza kazi ya baba yako, akasema. Imalize.

7. Uzi usio na karatasi

Sufu mpya haikupatikana. Lakini sokoni waliuza nguo kuukuu zinazotoka Ulaya, na kati yake triko nzito ambazo watu wachache walizitaka, kwa sababu zilikuwa na tundu au zilipauka. Sista akamfundisha Agata namna ya kuchagua.

Kwanza, tazama mshono wa ubavuni kwa ndani. Kama kingo zimekatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine, uiache: ukiifumua utapata vipande vifupi tu. Kama kingo ni nzima, uzi wake ni mmoja mrefu, nao hufumuka. Pili, iache ile iliyokwisha kuwa ngumu kwa maji ya moto, haifumuki. Tatu, uliza nyuzi zake ni za nini.

Agata akanunua triko mbili zenye uzi mwembamba uliofanana: moja ya rangi ya majivu, moja ya buluu nzito. Hazikuwa na karatasi yoyote. Sista akakata kipande cha uzi kirefu kama kidole, akakishika kwa koleo juu ya sahani ya maji, akakitia moto. Mtoto hafanyi jambo hilo peke yake; hulifanya mbele ya mtu mzima.

Uzi ukaungua polepole, ukanuka kama nywele zilizoungua, ukaacha kaa jeusi lililovunjika kwa vidole kuwa unga.

– Ni sufu, akasema Sista. Pamba ingewaka upesi, ingenuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Akriliki ingeyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Agata akafumua triko zote mbili, akaosha uzi kwa maji ya vuguvugu bila kuusugua, akaukausha kivulini. Sasa alitaka kujua urefu. Alichukua ubao wenye urefu wa santimetri 50, akazungusha uzi bila kuuvuta. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ni metri 1. Mizunguko 100 ni metri 100. Metri hizo 100 akazipima katika mizani ndogo ya zahanati: gramu 20.

Uzi ulikuwa mwembamba mno kwa karatasi ya mfano. Lakini nyuzi mbili zikishikwa pamoja, huwa kama uzi mmoja mnene. Agata akachukua uzi mmoja wa majivu na mmoja wa buluu, akazishika pamoja. Hivyo rangi zikachanganyika sawasawa katika nguo nzima.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mfano unataka metri 1440. Uzi ni wa majivu na wa buluu pamoja. Basi kila rangi itoe metri 1440. Metri 100 zina gramu 20. Metri 1440 zina gramu 288. Agata akapima kila rangi: gramu 350. Zilitosha, na zilibaki gramu 62 za kila rangi kwa kutengeneza viwiko.

8. Kipande cha kujaribia

Agata alitamani kuanza triko siku ile ile. Usiku uliopita alikuwa amesikia Baba akikohoa alipokuwa akivaa viatu vyake. Lakini alikumbuka vile vitanzi viwili.

Alitia vitanzi 30 katika sindano za milimetri 4, akafuma mistari 40. Akakiosha kipande, akakilaza juu ya kitambaa kikauke bila kukivuta. Kesho yake akaweka rula katikati, si ukingoni, kwa maana ukingoni vitanzi havilingani. Akahesabu: vitanzi 24.

Vingi mno! Triko ingekuwa santimetri 92 tu, na Baba angebanwa asipumue vema. Hapo mtu asiyejua husema, “Nitafuma kwa kulegeza mkono.” Lakini mkono husahau, ukichoka hulegea, ukiwa na hasira hukaza. Vitanzi vikiwa vingi mno, badili sindano, chukua nene zaidi. Vikiwa vichache mno, chukua nyembamba zaidi. Agata akaazima sindano za milimetri 4 na nusu, akafuma kipande kingine. Akakiosha, akakikausha, akapima: vitanzi 22, mistari 30.

Vipande viwili vilimchukua siku nne. Triko ya pamba ilikuwa imempotezea majuma mengi. Wazee husema: haraka haraka haina baraka.

Ndipo alipotia vitanzi 110 sindanoni. Kila alipofuma santimetri 10, alipima tena. Mgongo ukatoka santimetri 50. Upande wa mbele, santimetri 50. Mkono wa kwanza ukafika kwapani, na wa pili vilevile.

Jioni moja Baba aliivaa kabla ya kwenda kazini. Ilimkaa mabegani, ikamfika kiunoni. Alikunja mkono, akaunyosha; sufu ikavutika, ikarudi. Alipapasa kiwiko, akasema:

– Agata, uliitoa wapi sufu hii?

– Ilikuwa ya watu wengine, Baba. Nimeipima upya kwa ajili yako.

Baba akachukua fimbo yake na taa yake, akatoka. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka njiani. Mama akasimama mlangoni mpaka taa haikuonekana tena, kisha akafunga mlango.

Agata akafungua daftari lake. Akashona ndani yake kile kipande cha mwisho, akaandika chini: “Sufu, nyuzi mbili pamoja. Sindano milimetri 4 na nusu. Vitanzi 22. Metri 1440.” Maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kukumbuka

Anayebadili uzi hufuata njia hii:
1. Hufikiri kwanza kazi ya nguo na mtu atakayeivaa.
2. Hufuma kipande cha kujaribia, hukiosha, hukikausha, hukipima. Kipimo kisipolingana, hubadili sindano na kujaribu tena.
3. Huhesabu metri, si gramu wala madonge: metri zote za mfano, kuzigawanya kwa metri za donge jipya.
4. Hununua uzi wote siku moja, wenye namba moja ya rangi, na donge moja la ziada.
5. Huandika yote katika daftari.

Hesabu

1. Karatasi ya mfano inataka madonge 8 yenye metri 105 kila moja. Sokoni kuna madonge yenye metri 70. Yanahitajiwa mangapi?
2. Mgongo una vitanzi 88. Kwa kipimo cha vitanzi 22 katika santimetri 10, upana wake ni nini? Na kwa kipimo cha 20?
3. Kikoti kinataka metri 600 za uzi mnene. Mfumaji atashika nyuzi mbili nyembamba pamoja. Metri 100 za uzi mwembamba zina gramu 25. Anunue gramu ngapi?

Maulizo

1. Kwa nini triko ya kwanza ya Agata ilikosa mikono?
2. Kwa nini ilivutika baada ya kufuliwa?
3. Kwa nini akriliki haimfai mtu anayekaa karibu na makaa?
4. Utaitambuaje sufu isiyo na karatasi?
5. Sista hakumpa Agata uzi wa bure. Alimpa nini?
6. Tafuta nyumbani nguo moja ya kufuma. Weka rula katikati yake, uhesabu vitanzi katika santimetri 10, uandike katika daftari.